Ushauri nasaha wa Studierendenwerk, Ujerumani: unamfaa nani, na unaishia wapi

Mwanafunzi anayetoka Dodoma, Eldoret au Bujumbura kwenda kusoma Ujerumani huambiwa mapema kuhusu fedha za akaunti ya viza, bima ya afya, na kujiandikisha makazi ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia. Kuhusu Novemba haambiwi kitu. Na Novemba ndiyo inayomrudisha kwenye tovuti ya chuo saa nane za usiku, akitafuta pa kwenda kusema kwamba hapati usingizi, chakula hakimshuki, na kila akifungua kitabu anaona sebule ya kwao.

Huduma ambayo wengi huelekezwa ni Psychologische Beratung, ofisi ya ushauri nasaha inayoendeshwa na Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi. Hukumu yetu tunaitanguliza: ni huduma nzuri, ya siri, na haitozi senti mlangoni. Ila wanafunzi kutoka kwetu huitumia vibaya kwa namna mbili. Wanaiendea wakiwa wamechelewa miezi mitatu, na wanaiendea wakitarajia kitu ambacho haikuundwa kutoa.

Bure, kwa maana ya kwamba umeshalipa

Ujerumani nzima ina Studierendenwerk 57. Moja huhudumia vyuo vyote vya mji, pengine na vya miji jirani. Ndizo zinazoendesha migahawa ya chuo inayoitwa Mensa, mabweni, ofisi za mikopo ya wanafunzi wazawa, na ushauri. Fedha zake zinatoka serikali ya jimbo, mauzo ya chakula, kodi za vyumba, na kwako mwenyewe: ile ada ya muhula, Semesterbeitrag, unayolipa hata kama chuo hakitozi karo, ina fungu lake humo. Kwa hiyo usiingie ofisini kwa unyonge wa mtu anayeomba msaada.

Kosa la kwanza la vitendo ni kubisha mlango usio wenyewe. Kuna Studienberatung, ambayo ni ya masomo: kubadili kozi, kuahirisha mtihani, alama. Kuna Sozialberatung, ya fedha, kibali cha ukaazi, bima, ujauzito, kazi za muda. Kuna International Office, ya wageni na makaratasi yao. Halafu ndipo inakuja Psychologische Beratung. Vyuo vingine vina wanasaikolojia wao ndani ya chuo, mbali na Studierendenwerk, na unaruhusiwa kujaribu pande zote mbili ili kuona upande upi una nafasi mapema.

Tunatilia mkazo Sozialberatung kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa hamu ya nyumbani ni kodi ya chumba. Mtu ambaye mkataba wake wa chumba unaisha Januari na hajapata kingine atalia akimkumbuka mama yake, na hamu yenyewe ni ya kweli, lakini saikolojia haitampa chumba. Ofisi ya Sozialberatung inajua fuko la dharura liko wapi, nani anatoa mkopo usio na riba, na jinsi ya kuhesabu siku 140 kamili, au 280 za nusu siku, ambazo sheria inamruhusu mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi kwa mwaka. Ukiwa na matatizo ya aina zote mbili, panga miadi yote miwili wiki moja. Ofisi hizo mara nyingi ziko ukumbi mmoja na haziulizani habari zako bila idhini.

Kalenda ya mshtuko wa utamaduni

Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyeupa mshtuko wa utamaduni, yaani msukosuko wa anayehamia ugenini, umaarufu kwa makala yake ya mwaka 1960, aliwahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, kwa hiyo alionja ugeni upande wetu kabla ya kuuandikia. Aliugawa katika hatua: mwanzo wa furaha, kisha mgogoro, kisha nafuu, kisha kuzoea. Mgawanyo huo umepingwa sana na watafiti waliomfuata, kwa kuwa watu hawaendi kwa mstari. Kwa mwanafunzi wa Ujerumani, hata hivyo, kalenda ya chuo na jua hulazimisha mpangilio unaofanana na ule kidogo.

Oktoba ni ya kukimbizana: kadi, benki, vipindi vya kwanza, kila mtu anajitambulisha. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na tofauti ya saa kati ya huko na Dar es Salaam au Nairobi inatoka saa 1 kuwa 2. Jioni ile ile giza linaingia mapema kwa saa nzima. Kufikia katikati ya Desemba, Berlin jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na siku nyingi halionekani kabisa kwa mawingu. Vile vikundi vya Oktoba vimeshajifunga, kila mmoja na wenzake. Mitihani iko mbele, mwisho wa Januari na Februari. Aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako mchana ni saa 12 mwaka mzima, mwili wake haujawahi kudaiwa marekebisho hayo.

Ndiyo maana tunasema nenda Novemba. Si lazima uwe umeanguka. Ukisubiri Januari unakuta foleni ya wote: wazawa wenye hofu ya mitihani, wenzako wageni, na wanaoandika tasnifu.

Kupata miadi, na yanayokwamisha

Tafuta kwenye tovuti ya Studierendenwerk ya mji wako neno Beratung, kisha Psychologische Beratung. Sehemu nyingine huitwa PBS au Psychosoziale Beratung. Ofisi nyingi hupokea simu kwa muda wa saa moja au mbili tu asubuhi, siku fulani za wiki, na nje ya hapo inajibu mashine. Nyingine zina fomu ya mtandaoni. Nyingi zina Offene Sprechstunde, yaani saa za wazi: unakwenda bila miadi, unapata dakika 15 hadi 20, na mshauri anapima haraka kama usubiri zamu yako au upelekwe kwingine leo leo. Hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza kwa anayeogopa kupiga simu kwa Kijerumani.

Ukiandika barua pepe, mistari mitano inatosha: jina, chuo na kozi, lugha unayotaka kuzungumza, siku na saa usizo na vipindi, na sentensi moja ya sababu. Salamu ndefu za kiungwana za kwetu, za kuulizia afya na familia, hazimkeri mtu, lakini zinafukia ombi lenyewe, na msaidizi wa ofisi mwenye barua 40 atajibu kwanza zile anazozielewa kwa mtazamo mmoja. Hadithi yenyewe usiiandike. Barua pepe ya kawaida inasomwa na zaidi ya mtu mmoja, na siri unayoahidiwa inaanzia chumbani. Kisha kagua folda ya barua taka kila siku. Miadi mingi hupotelea humo, hasa kwa wanaotumia anwani binafsi badala ya ile ya chuo.

Kusubiri wiki 2 hadi 6 si ajabu. Omba uwekwe kwenye orodha ya nafasi zinazoachwa na waliojitoa, na uwe tayari kuitwa leo kwa ajili ya kesho. Nawe ukishindwa kwenda, toa taarifa siku moja kabla. Usipotokea kimya kimya, ofisi nyingi hazikutafuti; zinachukulia kwamba hukuhitaji.

Mtego wa saa unawanasa hata waliofaulu Kijerumani cha daraja la B2. Ukiambiwa halb neun, ni saa mbili na nusu asubuhi, si saa tatu na nusu. Na ile robo saa ya kitaaluma ya chuo, ambapo mhadhara ulioandikwa saa nne kamili huanza saa nne na robo, haihusu miadi ya ushauri. Kikao cha dakika 50 kilichopangwa kuanza saa nne kitaisha saa nne na dakika 50 hata kama umeingia saa nne na nusu, kwa sababu nyuma yako yuko mwingine.

Lugha ni Kijerumani au Kiingereza. Kifaransa hupatikana baadhi ya sehemu, na Mrundi au Mkongo aulize bila aibu. Kiswahili usikitarajie. Mwanamke anayetaka mshauri wa kike aseme kwenye barua ya kwanza. Ni ombi la kawaida na halihitaji maelezo.

Ndani ya chumba

Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapovunjika moyo, na lawama si ya huduma peke yake.

Aliyekulia Afrika Mashariki anajua ushauri ni nini: unakwenda kwa mjomba, shangazi, mchungaji au shehe, unasema shida, mkubwa anasikiliza, anakukumbusha ulikotoka, anakwambia cha kufanya, na pengine anampigia simu anayehusika. Mshauri wa Studierendenwerk hafanyi lolote kati ya hayo. Anauliza. Unajibu, anauliza tena kwa namna nyingine. Anaweza kunyamaza nusu dakika akikutazama usoni, na wewe uliyefunzwa kutomkazia mkubwa macho unadhani umemuudhi. Mwisho wa dakika 50 unatoka na maswali mawili na karatasi ya kuandika unalala saa ngapi. Mtu anasema, nimepoteza muda.

Hajapoteza. Ushauri wa aina hii umejengwa juu ya imani kwamba jibu lazima likutoke wewe ndipo udumu nalo. Ukijua hivyo unaweza kuutumia. Njoo na jambo moja, si yote. "Nataka kulala usiku", "nataka niweze kuzungumza darasani", "nataka kuamua kama naendelea muhula ujao". Njoo na rekodi ya wiki moja: saa ya kulala, saa ya kuamka, umekula nini, umezungumza na nani ana kwa ana. Wengi huona wenyewe, kabla hata ya kufika, kwamba kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi hawakufungua kinywa isipokuwa kwenye simu. Na kama unataka maelekezo ya moja kwa moja, sema hivyo. Mshauri mzuri atakubali kukupa zoezi la wiki. Asipokubali na hamwelewani, una haki ya kuomba mwingine.

Sema pia ya mwili. Kichwa kuuma, tumbo kujaa, moyo kwenda mbio usiku. Watu wetu huanza na mwili kisha wanajuta kwamba hawakufika kwenye shida, kumbe hiyo ndiyo shida yenyewe ilikojificha. Mshauri atakutuma kwanza kwa daktari wa kawaida, Hausarzt, kupima damu. Si kukufukuza. Upungufu wa damu, tezi ya koo au vitamini D iliyoshuka vinaweza kumlegeza mtu kama huzuni inavyomlegeza.

Suala la siri linaulizwa sana, na jibu ni kali: mwanasaikolojia anayevunja siri anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 203 cha sheria ya adhabu ya Ujerumani. Chuo hakiambiwi, mfadhili wako haambiwi, idara ya uhamiaji haiambiwi, na Mtanzania mwenzako anayefanya kazi jikoni kwenye Mensa ya shirika hilo hilo hawezi kuona jina lako. Kumwona mshauri hakuhesabiki popote kwenye kuongeza kibali cha ukaazi. Kinachoharibu kibali ni kutosonga mbele kimasomo kwa muda mrefu, na hapo ndipo kuchelewa kuomba msaada kunapogharimu. Kipengee cha kujua: siri inaweza kuwekwa kando pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini waziwazi.

Inapopungua

Idadi ya vikao ina kikomo. Kwa kawaida ni mitano hadi kumi, sehemu nyingine pungufu. Hii si tiba ya muda mrefu na haitoi dawa. Kwa hamu ya nyumbani ya muhula wa kwanza, vikao hivyo vinatosha. Kwa sonona iliyokomaa, au majeraha ya vita ambayo mtu wa Kivu amekuja nayo, havitoshi na mshauri atakuambia.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi kwetu na hauandikwi kwenye vipeperushi. Wengi wa washauri hawa wamesomea kumsaidia kijana wa Kijerumani ajitenge na matarajio ya wazazi. Mwanafunzi kutoka Kisii au Singida anapoeleza kwamba karo ya mdogo wake inatoka kwenye mshahara wake wa kuosha vyombo, mazungumzo huteleza upesi kuelekea kuweka mipaka na kujifunza kusema hapana. Humo kuna ukweli. Lakini kwa mtu ambaye safari yake ilichangiwa na ukoo mzima, kukata kamba hiyo kunazidisha upweke badala ya kuupunguza. Liweke wazi kikao cha kwanza: familia si ugonjwa unaotaka kutibiwa, unataka kupanga kiasi na tarehe za kutuma ili usilale njaa. Kutoka hapo mazungumzo huwa ya maana. Unaweza kukubaliana na nyumbani kiwango cha kudumu kila baada ya miezi miwili, na kueleza kwa tarakimu: kodi ya chumba cha bweni mara nyingi ni euro 250 hadi 400, bima ya afya ya umma ya mwanafunzi zaidi ya euro 140, kabla hujanunua mkate. Watu wa nyumbani wanaiona euro kwa shilingi na wanadhani unawanyima. Karatasi ya mapato na matumizi imemaliza ugomvi mwingi kuliko maombezi.

Tatu ni ubaguzi. Kunyimwa chumba baada ya mwenye nyumba kusikia jina, kutochaguliwa kwenye kikundi cha kazi, kiti cha pembeni kinachobaki kitupu ndani ya basi lililojaa. Haya si mshtuko wa utamaduni, na mshauri akiyaita hivyo amekosea. Palipo na tendo mahususi, andika tarehe, mahali na waliokuwepo, kisha nenda kwenye ofisi ya kupinga ubaguzi ya chuo, kwa serikali ya wanafunzi inayoitwa AStA au StuRa, au Antidiskriminierungsstelle des Bundes, taasisi ya shirikisho inayotoa ushauri wa awali wa kisheria bila malipo. Sheria inayohusika, AGG, ipo tangu 2006, na madai yake yana muda mfupi: kwa kawaida miezi 2. Ushauri nasaha uendelee sambamba, kwa ajili ya usingizi wako.

Inapokuwa zaidi ya hamu ya nyumbani

Hamu ya kawaida ina mawimbi. Inapanda Jumapili, inashuka ukicheka na watu. Ikikaa wiki 2 mfululizo bila kushuka, huli, huamki, hufurahii hata simu ya kutoka nyumbani, au fikra za kufa zinaanza kukutembelea, usisubiri foleni ya Studierendenwerk. Kwa hatari ya sasa hivi piga 112, namba ya dharura, au ufike mwenyewe idara ya dharura ya hospitali yenye wodi ya magonjwa ya akili. Kwa kuzungumza usiku, TelefonSeelsorge inapokea saa 24 bila malipo kwenye 116 123 au 0800 1110111, ingawa wengi wa wanaopokea huongea Kijerumani. Miji mingi ya vyuo ina Nightline, ambako mwanafunzi husikiliza mwanafunzi mwenzake bila kuulizana majina, nyakati za usiku wa muhula. Hao Kiingereza wanakijua. Muislamu anayetaka msikilizaji anayeelewa dini yake ana MuTeS, simu ya faraja ya Waislamu iliyoko Berlin.

Kwa tiba rasmi, mwenye bima ya umma halipi. Piga 116117, namba ya kutafutiwa miadi ya daktari, uombe nafasi ya psychotherapeutische Sprechstunde, yaani kikao cha tathmini. Utatoka na fomu inayoitwa PTV 11, na hiyo fomu itunze, kwa maana ndiyo inayofungua hatua zinazofuata. Kupata mtaalamu wa kukuchukua kwa vikao vya kila wiki huchukua miezi katika miji mikubwa. Waliovuka miaka 30, na wa shahada za juu wako wengi, hukosa kiwango cha bima cha wanafunzi na huangukia bima binafsi za bei nafuu, ambazo mara nyingi zimeondoa tiba ya saikolojia kwenye maandishi madogo. Soma kipengee hicho kabla ya kusaini. Baada ya kusaini, Studierendenwerk inabaki kuwa mlango wako pekee usio na bili.

Jumapili, ambayo ofisi haiigusi

Maduka yamefungwa kisheria, Mensa imefungwa, jirani wanataka kimya, na kelele za kawaida za nyumba ya kwetu, za watoto, redio na mgeni asiyebisha hodi, hazipo. Hakuna mshauri anayeweza kuijaza siku hiyo. Vinavyoijaza vinapatikana, lakini vingi vina tarehe ya kujiandikisha.

Hochschulsport, michezo ya chuo, ni rahisi mno kwa bei, na kozi za mpira, kuogelea au dansi hujaa ndani ya dakika chache za kufunguliwa usajili mwanzoni mwa muhula. Weka kengele. Bweni lako lina Wohnheimtutor, mwanafunzi anayelipwa kidogo ili kuwakutanisha wakazi. Mpelekee wazo la kupika, usisubiri akualike. Jumuiya za wanafunzi za makanisa, ESG ya Kiprotestanti na KHG ya Kikatoliki, hupokea wa dini zote na baadhi zina mfuko wa dharura kwa wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kisha ipo STUBE, mpango wa semina za mwisho wa wiki kwa wanafunzi wa mabara hayo hayo. Chakula na malazi kwa mchango mdogo, nauli mara nyingi hurudishwa, na chumbani wamo watu 30 wanaojua Novemba yako ilivyo. Tunashangaa kwa nini hautangazwi zaidi. Kwa uzoefu wa upweke wa kawaida, semina moja ya STUBE inafanya kazi ambayo vikao vitatu havifanyi.

Kiswahili nacho kipo ukikitafuta. Leipzig, Bayreuth, Hamburg na Mainz kinafundishwa chuoni, na wanafunzi wa Kijerumani wanaokisoma huwa wanatafuta mtu wa kubadilishana naye lugha: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani. Bayreuth huandaa kongamano la Kiswahili. Hamburg ina udugu wa miji na Dar es Salaam tangu 2010.

Na jikoni, kwa ufupi, kwa sababu tumeona wengi wakiharibu chakula na siku pamoja. Paketi iliyoandikwa Maisstärke ni wanga wa mahindi. Ukiusonga unapata gundi. Polenta ni ya njano na chenga zake ni kubwa, inaliwa lakini si ugali. Unga mweupe uko Afroshop, duka la vyakula vya Kiafrika, karibu kila mji wenye chuo. Sukuma wiki ya karibu kabisa ni Grünkohl, inayouzwa mbichi majira ya baridi na ya barafu mwaka mzima. Ikate nyembamba mno, kwani ni ngumu. Washa feni, fungua dirisha, funga mlango wa jikoni kabla ya kukaanga dagaa. Kengele ya moto ya bweni ikiita zimamoto bure, bili inaweza kukufuata.

Simu ya nyumbani ina kipimo chake pia. Maoni yetu, na wapo watakaokataa: video ya muda wa saa tatu kila usiku katika mwezi wako wa kwanza huko inakuweka sebuleni Moshi na mwili wako Göttingen, wala hupumziki kokote. Siku tatu za wiki, saa iliyopangwa, kabla ya chakula cha jioni cha huko. Majira ya baridi, saa kumi na mbili jioni ya Ujerumani ni saa mbili usiku ya Afrika Mashariki.

Tahadhari ya tarehe. Kuanzia 24 Desemba hadi baada ya mwaka mpya ofisi za ushauri, maktaba na Mensa nyingi hufungwa. Maduka hufunga mchana wa tarehe 24 na hayafunguliwi 25 na 26. Bweni hubaki na wageni peke yao. Kwenye kikao cha mwisho kabla ya likizo mwombe mshauri akuandikie namba za kupiga siku hizo na jina la mtu mmoja wa kuonana naye ana kwa ana. Kwa ESG, KHG na International Office ulizia mapema Novemba nani anapika mkesha wa Krismasi, maana orodha hufungwa kabla ya wengi kujua kwamba ilikuwepo. Chakula cha siku tatu kinunuliwe tarehe 23.